Ardhi ya Kiwanda Isomwe Kabla Haijachorwa

Waheshimiwa wajumbe, wataalamu wenzetu wa mipango miji, wahandisi, wakandarasi, na ninyi wakazi mlioacha shughuli zenu kuja kutusikiliza: hamjambo nyote.

Tuanze na mchoro. Karibu kila mradi wa kugeuza kiwanda kilichofungwa kuwa mtaa wa makazi huanza na picha nzuri iliyobandikwa ukutani: maghorofa, miti, watoto wanacheza, baiskeli zimeegeshwa. Siku picha hiyo inabandikwa, mara nyingi hakuna hata mtu mmoja chumbani anayejua tangi la mafuta lilizikwa wapi, maji machafu yalitokea upande gani, au ghala la nyuma lilihifadhi nini. Na picha ikishabandikwa haibanduki. Benki imeiona, wanunuzi wameiona, hesabu ya vyumba imepigwa. Uchunguzi wa udongo ukija baada ya hapo unapokelewa kama mgeni ambaye hakualikwa, na kila unachogundua huitwa usumbufu.

Hoja yetu leo ni moja. Ardhi ya kiwanda isomwe kwanza, ndipo mtaa uchorwe juu ya yale yaliyosomwa.

Faida ya kuijenga ardhi hii hatutaizungumzia sana, kwa sababu mnaijua. Iko ndani ya mji, bomba kuu la maji liko jirani, umeme upo, barabara ipo, na kila nyumba inayojengwa hapo ni shamba moja lililosalimika pembezoni mwa mji. Tatizo liko chini ya miguu.

Mfano maarufu kuliko yote ni Love Canal, katika mji wa Niagara Falls, jimbo la New York, Marekani. Kati ya mwaka 1942 na 1953 takriban tani 20,000 za taka za kemikali zilifukiwa ndani ya mfereji wa zamani ambao haukuwahi kukamilika, zikafunikwa kwa udongo wa mfinyanzi. Mwaka 1953 ardhi hiyo iliuzwa kwa bodi ya shule kwa dola 1, na hati ya mauzo yenyewe ilitaja kwamba kuna kemikali. Shule ikajengwa, nyumba zikafuata. Wengi wakisimulia habari hii huishia kwenye lawama. Sisi tunawaomba mwangalie kile kifuniko cha mfinyanzi. Kilitobolewa na kazi za kawaida kabisa: misingi, mabomba ya maji taka, barabara. Mvua ikaingia kwa juu, chini haikupata pa kutokea, mfereji ukajaa kama beseni na kumwagikia kuelekea vyumba vya chini vya nyumba za jirani. Agosti 1978 hali ya dharura ikatangazwa, familia zikaanza kuhamishwa.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1980, ikawa zamu ya Lekkerkerk nchini Uholanzi. Nyumba zilikuwa zimejengwa miaka ya 1970 juu ya mitaro iliyojazwa kifusi, na ndani ya kifusi kulikuwa na mapipa ya taka za kemikali. Yalipofukuliwa yalizidi 1,600. Familia zipatazo 270 zilihamishwa. Moja ya mambo yaliyoifichua siri hiyo ni bomba la maji ya kunywa. Lilikuwa la plastiki, na viyeyushi (kemikali za kuyeyushia vitu kama rangi na grisi) vilivyokuwa kwenye udongo, toluini ikiwa mojawapo, vililishambulia.

Tunaomba tusimame kidogo kwenye bomba hilo, kwa sababu kosa lile lile linaweza kurudiwa leo na mtu mwenye nia njema kabisa. Polithini ni plastiki nzuri kwa maji. Lakini petroli, dizeli na viyeyushi hupenya ukuta wake polepole bila kuacha tundu. Bomba halivuji, msukumo wa maji haushuki, mita haionyeshi kitu, ila maji yananuka. Dawa yake inajulikana: mahali penye masalia ya mafuta au viyeyushi, bomba liwe la chuma, au lile la plastiki lenye tabaka la alumini katikati, na viungio vyake pia viwe vya aina hiyo, kwa maana mpira wa kwenye kiungio hupenywa vilevile. Mtaro wake uwe mpana, ujazwe mchanga safi pande zote, ili siku fundi akifukua kurekebisha asikanyage udongo mchafu. Amri hii inapaswa kuandikwa kwenye mchoro wa maji kabla ya zabuni. Mkandarasi akishanunua bomba la kawaida, umechelewa.

Sasa kusoma kwenyewe. Hatua ya kwanza haina koleo. Ni ramani za zamani, picha za angani za miaka tofauti, vibali vya ujenzi, vitabu vya manunuzi vya kiwanda, na wazee waliofanya kazi pale. Kila kiwanda huacha alama yake. Kiwanda cha gesi ya makaa ya mawe huacha lami nzito na sianidi, ambayo mara nyingi hujionyesha kwa udongo wa rangi ya buluu. Kiwanda cha ngozi huacha kromiamu. Cha betri huacha madini ya risasi na asidi. Mahali palipotibiwa nguzo za mbao pana kreosoti (dawa nyeusi ya kuhifadhi mbao), au arseniki pamoja na shaba na kromiamu. Karakana za kusafisha vyuma na dobi wa kemikali huacha viyeyushi vyenye klorini. Vituo vya transfoma vya zamani vinaweza kuwa na mafuta yenye PCB, kemikali za sumu zisizooza upesi. Ukijua kiwanda kilitengeneza nini, na mwaka gani, tayari unajua maabara ipime nini. Usipojua utalipia vipimo mia na kukosa kile kimoja kinachohusika.

Na uchafu haukai katikati ya jengo, pale mchunguzi anapopenda kutoboa kwa sababu sakafu ni tambarare. Unakaa mlango wa nyuma. Unakaa pale mapipa yaliposhushwa, pale mafuta yalipomiminwa kwenye tangi, chini ya viungio vya bomba la maji machafu ambavyo vimeachia miaka mingi, na kwenye shimo la kukusanyia maji ya kuoshea mashine. Mzee aliyekuwa mfanyakazi usimuulize kama kiwanda kilichafua mazingira. Muulize pipa tupu lilisuuziwa wapi. Atakuonyesha kwa kidole.

Ndipo mashimo. Kwa uchunguzi wa awali mashimo hupangwa kwa miraba ya mita 25 hadi 50, na kwa uchunguzi kamili mita 10 hadi 25, yakiongezwa pale historia iliponyoosha kidole. Watu huuliza kwa nini tunadai mashimo mengi hivyo. Hesabu yake ni hii: ukitumia miraba ya mita 20, uko karibu na uhakika wa kulipata doa la mduara lenye kipenyo cha mita 23 au 24. Doa la mita 10 linaweza kulala katikati ya mashimo yako manne, na ripoti ikasema ardhi ni safi. Doa la mita 10 ni ukubwa wa bustani ya nyumba moja.

Kina nacho kina kanuni yake. Petroli na dizeli huelea juu ya maji ya ardhini, kwa hiyo utazikuta pale maji yanapoanza. Viyeyushi vyenye klorini ni vizito kuliko maji. Huzama, huvuka tabaka la maji, hukaa juu ya mfinyanzi ulio chini, kisha hufuata mteremko wa mfinyanzi huo hata kama maji yenyewe yanakwenda upande mwingine. Shimo la mita 2 hapo litatoka safi na halitakuwa limesema lolote. Na kujua maji yanakwenda upande gani kunahitaji visima vya uchunguzi visivyopungua 3, vilivyopangwa kama pembetatu, vilivyopimwa kimo na mpimaji, na usawa wa maji usomwe siku moja kwenye visima vyote. Visima viwili havitoshi. Vikiwa katika mstari mmoja, hata vitatu havitoshi.

Sampuli nazo huharibiwa na mambo madogo. Udongo wenye viyeyushi ukiwekwa kwenye mfuko wa nailoni, hadi ufike maabara viyeyushi vimeshatoroka, na majibu yatakuja mazuri mno. Chupa iwe ya kioo, ijazwe hadi mdomoni, ifunikwe papo hapo na kuwekwa kwenye barafu. Kosa jingine ni kuchanganya udongo wa mashimo matano kuwa sampuli moja ili kupunguza gharama ya maabara. Shimo moja likiwa na risasi mara tano ya kiwango kinachoruhusiwa na manne yakiwa safi, mchanganyiko utasoma kiwango chenyewe, na nyumba itajengwa juu ya shimo lile moja.

Baada ya hapo ndipo maswali matatu: chanzo kiko wapi, njia ni ipi, anayepokea ni nani? Hatari huwapo pale vyote vitatu vinapokutana. Risasi iliyo chini ya sakafu ya zege haina njia ya kumfikia mtoto. Risasi ile ile ikiwa sentimita 5 chini ya nyasi ina njia fupi sana: mkono, kisha mdomo. Ndiyo maana kipimo kilichofaa kwa ghala hakifai kwa nyumba, na ripoti ya zamani iliyosema eneo linafaa kwa matumizi ya viwanda haiwezi kutumika kuwahamishia watu. Vipimo vyenyewe hubadilika pia. Mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitumia kwa miaka mingi miligramu 400 za risasi kwa kilo ya udongo wa makazi kama alama ya tahadhari, na mwaka 2024 ikaishusha hadi 200. Kwa hiyo andikeni namba mlizozikuta, kila shimo na namba yake. Neno "imefaulu" halitamsaidia atakayesoma faili miaka 20 ijayo.

Sasa chukueni ramani ya yaliyogunduliwa, na hapo ndipo mchora ramani aketi. Pale penye metali zisizotembea pawe barabara, uwanja wa michezo wenye sakafu ngumu, au maegesho. Bustani za familia na shule ya chekechea ziende kwenye udongo ulio safi tangu mwanzo. Pale penye mvuke wa viyeyushi, usiweke chumba cha kulala cha chini. Weka maegesho ya wazi yanayopitisha hewa, makazi yaanze juu yake. Kusogeza jengo la maghorofa kwa mita 30 kwenye karatasi ni kazi ya asubuhi moja. Kuusogeza udongo kwa ajili ya jengo hilo ni jambo jingine kabisa.

Tupige hesabu pamoja. Eneo ni hekta 4. Mtu anasema, tuchimbe mita 1 na nusu kote, tutupe, tulete udongo mpya. Hiyo ni mita za ujazo 60,000. Kwa tani 1.8 kwa kila mita ya ujazo, ni tani 108,000. Lori la tani 20 litatoka mara 5,400, na malori ya kuleta udongo safi yataingia karibu mara 5,400 vilevile. Safari zaidi ya 10,000 kupitia mitaa ya majirani. Uchunguzi mzuri ukionyesha kwamba kinacholazimu kutolewa ni eneo la mita za mraba 6,000 tu, safari za kutoka zinashuka hadi 810. Tofauti hiyo inalipa mashimo yote, maabara yote na chenji inabaki.

Hatupendi kuchimba na kutupa, na tunalisema waziwazi. Mara nyingi ni kuhamisha tatizo kulipeleka kwa watu wengine wanaoishi karibu na jaa. Lakini kila njia nyingine ina masharti yake. Udongo wenye mafuta unaweza kulundikwa kwenye matuta, ukaongezewa mbolea yenye naitrojeni na fosforasi, ukanyunyiziwa maji na kugeuzwageuzwa, vijidudu vikaula uchafu kwa wiki kadhaa hadi miezi. Inafanya kazi kwa dizeli. Kwa lami nzito inafanya polepole sana, na kwa risasi haifanyi chochote, maana metali hailiwi. Kuosha udongo kwa mashine kunafaa kwenye mchanga na kokoto. Uchafu huganda kwenye chembe laini, chembe hizo zikatengwa na kilichobaki kikarudi kazini. Katika eneo la Olimpiki ya mwaka 2012 jijini London udongo mwingi ulioshwa hapo hapo na kutumika tena. Lakini udongo ukiwa na mfinyanzi mwingi, mashine itakurudishia tope tupu. Kufungia uchafu kwa saruji kunafaa kwa metali kadhaa, ila mpime kwanza kwa udongo wenu wenyewe, kwa kuwa baadhi ya metali huyeyuka zaidi saruji inapoufanya udongo uwe na ukali wa chokaa (alkali). Mimea inayofyonza metali ni nzuri kwa ardhi inayoweza kungoja miaka mingi. Mradi wenye mkopo wa benki hauwezi.

Kwa maji ya ardhini kuna tahadhari moja kubwa. Mkipiga pampu na kuyasafisha, namba zitashuka na kila mtu atafurahi. Zima pampu, subiri, halafu pima tena. Uchafu ulioganda kwenye udongo huachia taratibu na namba hupanda upya. Pimeni angalau mwaka mzima baada ya kuzima, ili muone msimu wa mvua na wa kiangazi, kabla ya mtu yeyote kutia saini.

Kuna jambo linalotuuma. Usafishaji wenyewe unaweza kuwadhuru watu kuliko uchafu ulioachwa umelala. Corby, nchini Uingereza, ulikuwa mji wa chuma. Tanuru zilifungwa mwaka 1980 na halmashauri ikachukua kazi ya kusafisha eneo. Mwaka 2009 Mahakama Kuu jijini London iliamua kwamba halmashauri ilizembea katika kuisimamia kazi hiyo kati ya mwaka 1985 na 1997, katika kesi iliyofunguliwa kwa niaba ya watoto waliozaliwa na kasoro za viungo. Kilichoelezwa pale ni malori yaliyotoka na tope, tope likaanguka barabarani, likakauka, likawa vumbi, vumbi likapeperuka mjini. Vifaa vya kuzuia hilo ni vya kawaida: mahali pa kuoshea magurudumu penye maji yanayobadilishwa, turubai juu ya kila lori, barabara ya nje kufagiwa ikiwa mbichi, kunyunyizia maji kabla ya kuchimba, na vipima vumbi kwenye mpaka wa eneo vyenye kengele. Kengele ikilia, kazi isimame. Mkataba useme wazi kwamba siku hiyo mkandarasi analipwa, la sivyo kengele itazimwa.

Ubomoaji nao una utaratibu, na kanuni yake kuu ni kwamba asbesto itoke kwanza. Mabati ya asbesto yafunguliwe skrubu moja moja yakiwa yameloweshwa, yashushwe yakiwa mazima, yafungwe kwa nailoni nzito na kuwekwa alama. Katapila ikiangusha paa lile, kilichokuwa lundo moja kinakuwa vipande elfu ndani ya kifusi chote, na kifusi ambacho mlikusudia kukisaga kiwe kokoto za barabara sasa ni taka hatari. Matangi ya zamani yasikatwe kwa moto hadi hewa ya ndani imepimwa. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke uliobaki ukichanganyika na hewa ndio unaolipuka.

Tuje kwenye ardhi yenyewe kama kitu cha kubeba nyumba. Hapa makosa ni ya kihandisi, na huonekana baada ya watu kuhamia. La kwanza ni mavi ya chuma, yaani masalia magumu yanayobaki chuma kinapoyeyushwa. Viwanda vya chuma huacha vilima vyake, ni magumu, yanashindilika vizuri, na kila mkandarasi huyatamani kwa kujazia chini ya sakafu. Lakini yapo ya aina mbili. Yanayotokana na tanuru la kuyeyusha mawe ya chuma, yakipozwa hewani, kwa kawaida yametulia. Yanayotokana na kutengeneza chuma cha pua na chuma kigumu yana chokaa na magnesia ambazo hazijaungana na kitu. Yakipata unyevu huvimba, na magnesia inaweza kuchukua miaka kumaliza kuvimba. Sakafu huinuka katikati, nyufa zikasambaa kama miale ya nyota, na milango ya ndani ikagoma kufunga. Fundi atarandaranda na randa yake kwenye milango akidhani mbao zimeumuka. Yasitumike kabisa chini ya jengo.

La pili ni misingi ya zamani. Kitako cha mashine kilichomwagwa kwa zege nene hakisogei, na kifusi kilichokizunguka kinatitia. Nyumba ikikaa nusu hapa nusu pale, itapasuka kwenye mstari ule ule. Vitako vivunjwe hadi chini ya kina cha msingi mpya, pajazwe na kushindiliwa kwa matabaka, au nyumba nzima ishushwe kwenye nguzo ndefu hadi udongo wa asili. Ukichagua nguzo, kumbuka kwamba nguzo inayovuka mfinyanzi inaweza kuufungulia uchafu njia kuelekea maji safi ya chini. Aina ya nguzo ichaguliwe na mhandisi wa misingi na mtu wa uchafuzi wakiwa meza moja. Na pale bomba linapoingia ndani ya nyumba, wekeni kiungio kinachokubali kucheza: nyumba iliyo kwenye nguzo haitatitia, ila ua utatitia, na bomba gumu litakatika pale pale ukutani.

La tatu ni gesi. Mashimo ya zamani yaliyojazwa taka hutoa methani, na methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa hulipuka. Machi 1986 nyumba moja katika kijiji cha Loscoe, Uingereza, ilibomolewa na mlipuko. Jirani palikuwa na machimbo ya udongo wa matofali yaliyojazwa takataka. Usiku ule mgandamizo wa hewa ulishuka kwa milibari 29 ndani ya saa 7, na gesi iliyokuwa imetulia ardhini ikavutwa juu. Kwa hiyo anayepima gesi siku ya jua tulivu tu hajapima. Vipimo vichukuliwe kwa miezi, na lazima baadhi viwe vya siku mgandamizo unaposhuka. Dawa ya kawaida ni nafasi inayopitisha hewa chini ya sakafu, pamoja na utando wa kuzuia gesi juu yake. Utando ule hauharibiwi na gesi. Unaharibiwa na fundi bomba anayefika wiki moja baadaye, anautoboa kwa kisu ili apitishe bomba la choo, halafu anamwaga zege. Ukaguzi wa utando uwe wa mwisho kabla ya zege, kila tundu lizibwe kwa mkono wa anayejua kuuchomelea, na picha ipigwe.

Kwenye bustani, mahali ambapo udongo mchafu umeachwa chini kwa makusudi, kifuniko cha sentimita 60 za udongo safi ndicho kinachotumika sana, kwa hesabu kwamba jembe la mwenye bustani halifiki huko. Chini yake hutandazwa kitambaa cha rangi kali, mara nyingi ya chungwa. Udongo unaoletwa nao upimwe kabla haujamwagwa; imewahi kutokea zaidi ya mara moja eneo lililosafishwa kwa gharama kubwa likafunikwa kwa udongo mchafu wa mradi mwingine. Miti mikubwa ipewe mashimo yake ya kina zaidi, yenye udongo safi.

Mtaa sasa. Kiwanda kilijengwa kikiwa kimeupa mji mgongo: ukuta mrefu, geti moja, reli. Ukijenga maghorofa ndani ya ukuta ule ule umepata kambi tu. Barabara za mitaa ya jirani ziendelezwe ndani hadi zitokee upande wa pili, na kati ya barabara moja na nyingine pawe mita 60 hadi 100, mtu aweze kukata kona. Reli ya zamani ni njia ya miguu iliyokwisha kusawazishwa. Kama eneo liko bandarini au bondeni, kimo kiamuliwe mapema: HafenCity ya Hamburg, Ujerumani, hekta 157 za bandari ya zamani, ilichagua kuinua majengo na barabara zake takriban mita 8 hadi 9 juu ya usawa wa bahari badala ya kuzungushiwa ukuta, na uamuzi huo ndio ulioumba sura ya mtaa wote. Na si lazima kila kipande kiwe nyumba. Kule Duisburg, kiwanda cha chuma kilichofungwa mwaka 1985 kiliachwa kimesimama kiwe bustani ya umma. Pale penye uchafu mgumu kuliko wote, huenda hilo ndilo jibu la haki.

Awamu zipangwe kufuata upepo na maji. Familia za awamu ya kwanza zisiwekwe upande ambao vumbi la awamu ya tatu litaelekea. Shule na zahanati ziingie mapema, na fedha za usafishaji zitengwe kwenye akaunti ambayo mwendelezaji hawezi kuigusa kwa jambo jingine, maana soko likianguka, kinachoachwa nusu ni kazi ya ardhini. Bei ya kiwanja ikokotolewe kwa kurudi nyuma: thamani ya mtaa uliokamilika, toa ujenzi, toa usafishaji, toa faida ya haki. Kikitoka kidogo, basi ndiyo thamani yake. Anayelipa zaidi atakuja kupunguza mashimo ya uchunguzi.

Wakazi wa jirani wapewe namba, zote, kwa lugha wanayoisoma. Mficha maradhi kifo humuumbua, na matokeo yaliyofichwa huvuja siku mbaya kuliko zote. Waliokuwa wakiishi au kufanya biashara ndogo ndani ya eneo wahesabiwe kabla ya uzio, na wapate nafasi katika nyumba zinazokuja.

Mwisho ni faili. Yale yaliyoachwa ardhini yaandikwe kwenye hati ya kila kiwanja na kwenye masjala ya ardhi, pamoja na ramani ya mashimo, kina cha kifuniko, aina ya bomba na mahali utando ulipo. Kampuni zitafungwa, washauri watastaafu. Miaka 30 kutoka leo mtu atachimba shimo la nguzo ya uzio nyuma ya nyumba yake, na kwenye sentimita 60 koleo litakwama kwenye kitambaa cha chungwa. Kitambaa hicho kiwe kimeandikwa, kila baada ya mita moja, ofisi ya kuuliza kabla ya kuendelea. Na katika ofisi hiyo awepo mtu mwenye ramani.